Baridi Haiui Kila Kitu: Mambo Yanayotokea Shambani Wakati wa Theluji

Januari iliyopita nilitembelea familia moja iliyokuwa na miezi minane tu hapa Iowa. Bibi wa nyumba alikuwa amekaa karibu na dirisha, shali mabegani, anatazama nje. Kipande chake cha bustani kiko ng'ambo ya barabara, na siku hiyo kilikuwa chini ya theluji. Aliniambia, "Mwanangu, ardhi ya huku imekufa. Kile kipande warudishie wenyewe, wampe mtu mwingine. Mimi nimelima tangu utoto, na sijawahi kuona udongo unakuwa jiwe."

Nilimwelewa. Mama yangu alisema maneno karibu na hayo mwaka wetu wa kwanza. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi, tukapitia Nyarugusu au Kakuma, tunajua kiangazi. Tunajua ardhi ikikauka na kupasuka, tukisubiri mvua. Lakini ardhi inayoganda ni jambo jingine, na hakuna aliyetufundisha.

Kuna kosa la pili ambalo ni kinyume cha lile la bibi. Wengine wetu tunasema: "Baridi hii itaua wadudu wote na magugu yote, kwa hiyo mwaka ujao tutaanza upya." Kosa hili limegharimu familia nyingi mavuno, na yangu ni mojawapo. Somo la leo ni la kusahihisha makosa yote mawili. Toleo hili linakufikia Oktoba inapoanza, wakati bado una wiki chache za kufanya kazi kabla udongo haujaganda. Soma na wazee wa nyumbani, maana wao ndio wenye mikono ya shamba.

Baridi inauaje mmea?

Mmea umejaa maji. Maji huganda yakifika nyuzi 32 za Fahrenheit, ambazo ni sawa na nyuzi 0 za Selsiasi. Habari za hali ya hewa za hapa hutumia Fahrenheit, kwa hiyo weka namba 32 kichwani kama unavyoweka namba ya nyumba yako.

Usiku wenye anga wazi na hewa iliyotulia, joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Asubuhi unakuta majani yamefunikwa na unga mweupe kama chumvi. Hiyo ndiyo jalidi, yaani unyevu wa hewa ulioganda juu ya majani. Ndani ya mmea barafu hujitengeneza katikati ya chembe zake na kuvuta maji kutoka ndani ya chembe hizo, hadi zinanyauka na kupasuka. Jua likitoka barafu inayeyuka, na jani linalegea, linakuwa jeusi kama mboga iliyochemshwa. Ukiona hivyo, jani hilo halitarudi.

Lakini mimea haifanani. Kwa baridi ya hapa, igawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni watoto wa joto: mahindi, maharage, viazi vitamu, mchicha au lengalenga, bamia, nyanya, nyanya chungu, maboga, mihogo. Hawa asili yao ni nchi za joto na hawana kinga. Jalidi moja kali inatosha kuwamaliza, na wengine kama viazi vitamu na bamia hudumaa hata kabla joto halijafika 32.

Kundi la pili ni wavumilivu: sukuma wiki, kabichi, karoti, spinachi. Baridi ikiwajia polepole hujiandaa. Hugeuza sehemu ya wanga wao kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi kama maji matupu. Ndiyo maana sukuma iliyopigwa na jalidi mara moja au mbili ina ladha tamu kuliko ile ya Julai. Usiing'oe Septemba kwa hofu. Iache, uivune kidogokidogo hadi Novemba. Ila baridi kali ya Januari itaishinda kama haina kifuniko.

Kundi la tatu ni wale wanaoihitaji baridi. Bila baridi hawazai. Kundi hili ndilo linalotushangaza zaidi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu.

Mmea unaosubiri baridi: ngano ya Kansas

Ukisafiri kutoka Iowa kwenda kusini-magharibi hadi Kansas mwezi wa Novemba, utaona mashamba ya kijani wakati kila kitu kingine kimekauka. Ile ni ngano ya majira ya baridi. Hupandwa Septemba na Oktoba, ikaota, ikawa fupi kama nyasi za uwanja, kisha ikalala chini ya baridi. Machi na Aprili inaamka, na inavunwa Juni hadi mwanzo wa Julai.

Kwa nini wakulima wasisubiri joto ndipo wapande? Kwa sababu ngano hii, isipokaa kwenye baridi ya juu kidogo ya kuganda kwa wiki kadhaa, haitoi masuke kwa wakati wake. Itaendelea kuotesha majani tu. Baridi ndiyo inayoiambia kwamba majira yamepita na sasa inaweza kuzaa. Kama isingehitaji ishara hiyo, ingeweza kutoa masuke Novemba, na masuke hayo yangekufa yote.

Moyo wa mmea huu, yaani sehemu ambako majani mapya huchipukia, uko chini ya uso wa udongo kwa sentimita mbili au tatu hivi. Majani ya juu yakiungua kwa baridi si neno. Moyo ukiwa salama, mmea ni mzima.

Na kuna habari nyingine ya ngano hii ambayo huwa nawasimulia wageni wapya. Mwaka 1874, Wakristo wa madhehebu ya Menno walifika Kansas wakitoka katika milki ya Urusi, sehemu ambayo leo ni Ukraine. Walikuwa wameondoka kwa sababu ya imani yao, baada ya serikali kutaka vijana wao waingie jeshini. Walikuja na mbegu za ngano ngumu nyekundu ya kupandwa kabla ya baridi, ambayo iliitwa Turkey Red. Mbegu hiyo ilistahimili baridi na ukame wa Kansas vizuri sana, na ngano za aina hiyo zikaja kuufanya mkoa huo maarufu kwa mkate. Walikuwa wageni wenye lugha ngeni, na ujuzi wao wa shamba ukawa faida kwa nchi nzima.

Katika bustani zetu ndogo, mmea wa kundi hili ambao ni rahisi kwetu ni kitunguu saumu. Kipandwe Oktoba. Kitenganishe punje moja moja, kila punje iingie udongoni kwa sentimita 5, ncha ikitazama juu, nafasi ya sentimita 15 kati ya punje na punje. Udongo ukishaanza kupoa sana, funika kwa majani makavu ya ngano unene wa sentimita 10 hadi 15. Baridi ndiyo itakayofanya punje moja igawanyike kuwa kitunguu chenye punje nyingi. Kikipandwa majira ya kuchipua kinaweza kutoa kitunguu kimoja kidogo cha mviringo kisichogawanyika. Utavuna Julai.

Theluji ni blanketi

Mtu mgeni huona theluji na kudhani ndiyo inayoua. Kwa kweli theluji huokoa. Imejaa hewa katikati ya chembe zake, kama pamba ndani ya godoro, na hewa hiyo huzuia joto la ardhi lisitoroke. Usiku ambao hewa iko nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Selsiasi, udongo ulio chini ya theluji nene unaweza kubaki karibu na sifuri tu. Mkulima wa ngano huogopa baridi kali isiyo na theluji kuliko theluji yenyewe.

Jambo jingine la kuogopa ni baridi inayokuja na kuondoka. Machi huku ni kigeugeu. Leo watoto wanatoka na fulana, keshokutwa barafu. Mmea ukihisi joto kwa siku kadhaa huanza kuamka na kupoteza kinga yake, kisha baridi ikirudi ghafla huukuta uko wazi. Pia udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara hutanuka na kushuka, ukiisukuma mizizi juu kama mtu anayeng'oa msumari. Matandazo kwenye kitunguu saumu si ya kukipasha joto. Kazi yake ni kuufanya udongo ubaki katika hali moja. Kwa hiyo usiyaondoe ukiona siku mbili za jua mwezi wa Februari.

Magugu: mbegu haifi kwa baridi

Sasa tuje kwenye matumaini yetu ya uongo. Gugu ulilolikuta Julai limekauka na kuanguka, ni kweli. Lakini kabla ya kufa lilikwisha kumwaga mbegu, na mbegu kavu ndani yake hazina maji ya kutosha kugandishwa. Baridi haziziui. Kinyume chake, mbegu nyingi za magugu ya hapa zinahitaji miezi ya baridi na unyevu ili ganda lake lilegee na usingizi wake uishe. Majira ya baridi ndiyo yanayoziamsha.

Kwa mfano, kuna gugu la jamii ya mchicha ambalo wakulima wa hapa huliita wotahempu. Linasumbua mashamba ya soya na mahindi ya Iowa yote, na aina nyingi zake hazisikii tena dawa zilizokuwa zikiliua. Mmea mmoja mkubwa wa kike unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki 2. Ukiacha mmea mmoja tu ukomae kwenye kona ya kipande chako, umejipandia kazi ya miaka kadhaa.

Magugu nayo yako makundi matatu:

Ya kwanza ni yale yanayoota majira ya kuchipua na kufa kwa jalidi. Wotahempu ni mmojawapo. Dawa yake ni kuyang'oa kabla hayajatoa mbegu. Ukichelewa na mbegu zimeshakomaa, yakate kwa uangalifu, uyatie kwenye mfuko na uyatoe bustanini. Usiyatupe kwenye lundo la mboji.

Ya pili ni yale yanayofuata tabia ya ngano. Huota Septemba na Oktoba, yakalala chini ya theluji yakiwa madogo na bapa, kisha yakakimbia kutoa maua Aprili kabla wewe hujaanza kulima. Ukiona vijani vidogo vya kijani vimetanda sasa hivi kwenye kipande ulichokwisha kuvuna, hivyo ndivyo. Parua kwa jembe sasa. Dakika 20 za Oktoba zitakuokolea siku nzima ya Aprili.

Ya tatu ni yale ya kudumu, kama mbigili ya Kanada. Shina la juu hufa lakini mizizi hulala chini kwa kina na kuchipua tena. Haya hayaishi kwa kung'olewa mara moja. Yanataka kukatwa mara kwa mara hadi mizizi ichoke.

Neno moja la tahadhari. Akina mama, najua mnaona jamaa za mchicha zimeota pembeni mwa mashamba makubwa na kujiuliza kwa nini zinaachwa. Tafadhali msichume huko. Mashamba hayo hupuliziwa dawa za kuua magugu, na jani halionyeshi kwa macho kama limepuliziwa. Isitoshe, shamba lile lina mwenyewe, na kuingia bila ruhusa kunaweza kukuletea matatizo na polisi. Mchicha panda kwako.

Wadudu: wanaolala na wanaohama

Mwaka wetu wa pili hapa, mama yangu alipanda maboga. Tulikula majani yake na maboga yenyewe hadi Oktoba. Baridi ilipokuja tuliacha mitambaa yote pale pale ardhini pamoja na mbao za zamani tulizokuwa tunakanyagia. Tulisema baridi itamaliza kila kitu. Juni iliyofuata miche ya maboga ilipofikisha majani matano, ilijaa wadudu bapa wa rangi ya kijivu na kahawia, ambao ukiwaponda hunuka. Walinyonya majani hadi yakanyauka. Mwaka ule hatukula boga.

Wale wadudu hawakutoka mbali. Walikuwa wamelala chini ya mitambaa yetu na chini ya zile mbao. Mdudu mkubwa wa maboga hupita majira ya baridi akiwa amejificha kwenye takataka za shamba, kisha hutoka Juni kutaga mayai ya rangi ya shaba upande wa chini wa majani. Sisi ndio tuliompa nyumba.

Wadudu wa hapa wamezoea baridi kwa njia mbalimbali. Wengine hutengeneza ndani ya miili yao maji mazito kama sharubati, yasiyoganda upesi. Wengine hushuka chini zaidi udongoni. Yule mbawakawa wa Kijapani, mwenye rangi ya kijani na shaba inayong'aa, ambaye hula majani ya maharage na maua Julai, mabuu yake huzama chini baridi inapozidi na kupanda tena udongo ukipata joto. Mbawakawa wa viazi, mwenye mistari myeusi na ya njano, naye hulala udongoni karibu na palipopandwa viazi. Ndiyo maana tunasema usipande viazi mahali pale pale miaka miwili mfululizo. Ataamka akute meza tayari.

Wazee wetu wanamjua funza wa mabua. Kule nyumbani hujificha ndani ya mabua makavu ya mahindi wakati wa kiangazi, akisubiri mvua. Huku yuko ndugu yake, aliyekuja kutoka Ulaya, naye hufanya vivyo hivyo ndani ya bua, akisubiri joto. Kwa hiyo ile hekima ya nyumbani ya kutoacha mabua yamesimama shambani inafaa huku pia. Tofauti ni moja: kule mliyachoma au kuyalisha ng'ombe. Huku usichome bila kuuliza, kwa sababu miji mingi inakataza moto wa nje. Yakatekate vipande vidogo na uyafukie au uyapeleke mahali bustani yenu inapokusanyia majani.

Na viwavijeshi vamizi je? Wengi wenu mnawakumbuka. Waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na kufikia 2018 walikuwa wameenea karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, wakila mahindi kuanzia moyo wa mmea. Pengine hukujua kwamba kwao ni huku Amerika. Hata hivyo katika Iowa hawajawa msiba wa kila msimu kama kule kwetu. Sababu ni baridi. Kiwavi huyu hana uwezo wa kulala. Hajui kujificha na kusubiri, na jalidi humuua. Kila majira ya baridi anabaki tu kusini kabisa mwa Florida na Texas ambako hakugandi. Kila kiangazi cha hapa vipepeo vyake hurukia kaskazini vikisaidiwa na upepo, vizazi kwa vizazi, hadi vinafika kwetu mwishoni mwa kiangazi. Mahindi yaliyopandwa mapema yanakuwa yamekwisha kukomaa. Yaliyochelewa ndiyo yanayoliwa.

Afrika hakuna jalidi ya kumsimamisha, isipokuwa sehemu chache za juu sana au za kusini. Anazaliana mwaka mzima palipo na mahindi. Mkulima wa Kivu au Kigoma hakushindwa kwa uvivu. Alikuwa anapigana na adui asiye na msimu wa kupumzika. Hapa baridi inakupa mapumziko hayo kwa mdudu huyu, lakini haikupi kwa mdudu wa maboga. Jifunze kutofautisha wawili hawa.

Magonjwa hulala pia

Madoa ya majani ya nyanya, yale yanayoanzia chini na kupanda juu, husababishwa na ukungu unaoweza kupita majira ya baridi kwenye mabaki ya mmea. Ukiacha mashina ya nyanya yaliyougua, mwakani yataambukiza mapya. Lakini ule ugonjwa wa viazi na nyanya, unaofanya majani yawe meusi na kuoza kwa siku chache, kwa kawaida hapa huhitaji sehemu hai ya mmea ili upone baridi. Huwa unajificha ndani ya kiazi kilichosahaulika ardhini au kilichotupwa kwenye lundo. Kwa hiyo vuna viazi vyote, na kimoja kikichipuka mahali usipokipanda, kitoe.

Kazi za mwezi kwa mwezi

Tarehe hizi ni za Iowa ya kati. Ukiwa kaskazini zaidi, jalidi huwahi kuja na huchelewa kuondoka.

Oktoba. Jalidi ya kwanza kwa kawaida huja kati ya mwanzo na katikati ya mwezi huu. Chimba viazi vitamu kabla yake. Ikikuwahi na mitambaa ikawa myeusi, chimba siku hiyo hiyo, maana uozo hushuka kutoka kwenye mtambaa hadi kwenye kiazi. Usiviweke kwenye friji. Viazi vitamu huharibika chini ya nyuzi 55 (13 za Selsiasi). Viweke kabatini, mahali pakavu pasipo na baridi. Vuna nyanya za kijani uziivishe ndani. Ondoa mabaki ya maboga, nyanya na mabua. Panda kitunguu saumu. Chagua mbegu zako za mchicha na maharage, uzikaushe sana na kuzihifadhi kwenye chupa iliyofungwa. Mbegu kavu haiogopi baridi, ila mbegu yenye unyevu huganda na kufa.

Novemba. Funika kitunguu saumu. Vuna sukuma zilizobaki. Udongo mtupu usiuache uchi, maana upepo na maji ya theluji huondoa rutuba. Ufunike kwa majani makavu ya miti. Ukipenda kupanda nafaka ya kufunika udongo, iitwayo rai, ipande Septemba au mwanzo wa Oktoba. Hupona baridi na Aprili inayanyima magugu mwanga. Lakini lazima uikate kabla haijatoa mbegu, na uache wiki mbili hivi kabla ya kupanda mahindi.

Desemba hadi Februari. Pumzika. Soma masharti ya bustani yenu, hasa tarehe ya kujiandikisha upya, kwa sababu bustani nyingi hutoa kipande kwa mtu mwingine ukichelewa. Barua ikija kwa Kiingereza, ilete ofisini tuisome pamoja. Usingoje.

Machi na Aprili. Usidanganywe na jua. Anza miche ya nyanya na nyanya chungu ndani, karibu na dirisha lenye mwanga. Spinachi, karoti na sukuma zinaweza kwenda nje Aprili.

Mei. Jalidi ya mwisho kwa kawaida huwa mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei, na miaka mingine huchelewa. Watoto wa joto wasitoke kabla ya tarehe 10 hivi. Pima udongo kwa kipimajoto cha jikoni asubuhi, ukikiingiza sentimita 5: mahindi yanataka nyuzi 50 (10 za Selsiasi), maharage 60 (16), viazi vitamu na bamia 65 (18). Kabla ya hapo mbegu huoza bila kuota, na pesa yako imeoza nayo. Ikitangazwa kwamba usiku utafika 32 na miche iko nje, ifunike kwa shuka kuukuu kabla jua halijazama, ili ishike joto la ardhi. Asubuhi ondoa shuka.

Jipimeni nyumbani

Mtoto asome swali, mzee ajibu, kisha mtazame majibu.

1. Nyuzi ngapi za Fahrenheit ndipo maji huganda?
2. Kwa nini theluji nene ni nzuri kwa ngano?
3. Mdudu wa maboga na kiwavijeshi: yupi analala hapa, yupi anakufa?
4. Ni mmea gani unaweza kupanda mwezi huu?

Majibu: (1) 32. (2) Huzuia joto la ardhi lisipotee. (3) Mdudu wa maboga hulala, kiwavijeshi hufa, kisha wengine huja kutoka kusini. (4) Kitunguu saumu.

Yule bibi hakurudisha kipande chake. Machi tulienda pamoja, theluji ikiwa imebaki viraka viraka. Nilimwomba achimbe kidogo kwa mkono pale palipokuwa na matandazo ya jirani yake. Alipoyasogeza, akakuta ncha za kijani za kitunguu saumu zimeshatoboa udongo. Alizitazama, akayarudisha matandazo taratibu, akaniuliza, "Hivi hupandwa lini?"

Hupandwa sasa, Mama. Mbegu ni punje, na punje moja ni kitunguu kizima Julai. Ukihitaji usafiri kwenda bustanini kabla udongo haujaganda, pita ofisini mapema, tupange pamoja.